Mchoro Mama: Mwongozo wa Kupaka Rangi na Kutia Vivuli Wahusika wa Kidijitali

Mwongozo huu ni wa wachoraji wanaoishi kwa kalamu yao: wa katuni za magazeti, wa vitabu vya watoto, wa mabango ya afya, wa vipindi vya runinga na wa stika za simu. Unahusu mchoro wa mistari uliochorwa mara moja ili utumike mara nyingi. Tuchukue mfano wa muuguzi. Leo amevaa sare, kesho amejifunga khanga, keshokutwa mteja wa mkoa mwingine anamtaka awe mweusi zaidi na nywele za kusuka. Mistari ni ile ile. Mchoro wa namna hii tutauita mchoro mama.

Kazi nyingi za aina hii huharibika kwa sababu moja: mchoraji amechanganya mistari, rangi na vivuli mahali pamoja. Picha inapendeza siku ya kwanza, lakini mabadiliko yanapoombwa inabidi ipakwe upya yote. Mstari ukae kwenye leya yake, rangi kwenye zake, kivuli kwenye yake, na mng'ao kwenye yake. Jambo hili si geni. Huko Marekani, tangu miaka ya 1910, watengenezaji wa filamu za katuni walichora juu ya karatasi angavu za seluloidi, wakitia wino upande wa mbele na rangi upande wa nyuma, hivyo rangi iliweza kupita kidogo chini ya mstari bila kuuchafua.

Kuhusu programu, tumia uliyonayo. Krita ni ya bure na inatosha kwa kazi zote zinazoelezwa hapa. Clip Studio Paint na Photoshop ni za kulipia, Procreate ni ya iPad, na ibisPaint inafanya kazi hata kwenye simu ya kawaida, ingawa idadi ya leya itategemea kumbukumbu ya simu na ukubwa wa turubai. Majina ya amri hutofautiana, mantiki haitofautiani.

Kusafisha mistari

Anza na ukubwa. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, na mhusika mmoja wa kusimama asichorwe chini ya hapo hata kama ametakiwa kwa simu tu. Mteja wa stika ana tabia ya kurudi baada ya miezi miwili akitaka bango la ukutani. Kupunguza ukubwa ni rahisi. Kuukuza mchoro mdogo kunaleta mistari yenye ukungu. Ukiweza, chora mistari kwa vekta, ambayo hukuzwa bila kupoteza makali.

Mara nyingi mchoro hufika ukiwa picha ya JPEG yenye mandhari nyeupe, iliyotumwa na mwenzako au kuskaniwa kutoka karatasini. Wengi huweka leya hiyo katika hali ya maltiplai, weupe ukapotea machoni, wakaendelea. Hilo linafaa kwa kazi ya siku moja. Kwa mchoro mama halifai, kwa sababu weupe bado upo, na siku utakapotaka mistari ya rangi ya kahawia badala ya nyeusi utakwama. Ondoa weupe kabisa kwa kuugeuza kuwa uwazi. Krita ina amri ya kugeuza rangi fulani kuwa alfa, na Clip Studio Paint ina amri ya kugeuza ung'avu kuwa uwazi. Kabla ya hapo rekebisha viwango vya weusi na weupe, kwa sababu JPEG huacha vumbi la kijivu kando ya kila mstari, na vumbi hilo litaonekana wazi pindi utakapoweka rangi nyekundu chini yake.

Kisha kuza picha hadi uone pikseli, uzunguke mchoro wote ukitafuta mianya. Sehemu zinazosumbua ni zile zile siku zote: kwapa, katikati ya vidole, ukosi wa shati, na mahali nywele zinapokutana na sikio. Ziba kila mwanya usiokuwa na sababu. Mwanya ulioachwa kwa makusudi, kwa mfano mstari wa shavu unaoishia hewani, utauzibia kwenye leya ya pembeni itakayofichwa baadaye.

Mwisho wa hatua hii, funga leya ya mistari isiguswe tena.

Rangi bapa

Usianze kwa kumwaga rangi sehemu moja moja. Anza na umbo zima. Chagua eneo la nje ya mhusika kwa kifaa cha kuchagua, geuza uteuzi ili uwe wa ndani, upunguze kwa pikseli moja, kisha jaza rangi moja kali ambayo hutaitumia kwenye kazi, kama waridi la kung'aa. Leya hii inafanya mambo mawili. Inaonyesha kila tundu ulilosahau, maana waridi litapotea hapo. Na inakuwa kitako cha leya zote zitakazofuata, ili rangi yoyote isitoke nje ya mwili wa mhusika. Programu nyingi zina amri ya klipingi, inayoibana leya ya juu isionekane nje ya umbo la leya iliyo chini yake. Kila rangi ibanwe juu ya kitako hicho.

Sasa jaza ngozi, nywele, nguo, viatu na vifaa, kila kimoja kwenye leya yake yenye jina lake. Jina liwe la kitu wala si la rangi: "shati", siyo "bluu", kwa kuwa shati litabadilika na jina litabaki likidanganya. Kifaa cha kujaza kiwekwe kisome leya ya mistari lakini kimwage kwenye leya nyingine, na kiongeze pikseli moja hadi tatu ili rangi iingie chini ya mstari. Usipofanya hivyo utapata vitone vyeupe kando ya mistari yote, kwa sababu ukingo wa mstari laini si mweusi kamili. Una pikseli za kijivu ambazo kifaa huziruka.

Rangi hizi ziwe bapa kabisa. Hakuna kufifisha, hakuna mashavu mekundu, hakuna unamu wa nguo. Ziandike kwa namba zake kwenye ukanda mdogo pembeni ya karatasi ya mhusika. Mchoraji mwenzako akiambiwa "kahawia ya ngozi" atachagua kahawia yake. Akipewa #8D5524 atapata ile ile uliyoitumia.

Hesabu ya kivuli

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanapoumia, hivyo tutakaa kidogo.

Kivuli cha mchoro mama kiwekwe kwenye leya moja juu ya rangi zote, katika hali ya maltiplai, ikiwa imebanwa kwenye kitako. Maltiplai ni kuzidisha tu: programu huchukua namba ya rangi ya chini, ikaizidisha kwa namba ya rangi ya juu, ikagawa kwa 255. Nyeupe haibadilishi kitu, nyeusi huzima kila kitu, na rangi za katikati hutia giza huku zikiacha rangi ya chini ionekane. Kwa hiyo ukibadilisha shati kutoka samawati kuwa manjano, kivuli kinalifuata bila wewe kugusa chochote.

Rangi ya kivuli isiwe nyeusi wala kijivu. Kijivu hufanya ngozi ionekane na majivu. Zambarau iliyofifia ni mwanzo mzuri. Tuchukue 180, 160, 200, ambayo ni #B4A0C8. Juu ya ile ngozi yetu ya 141, 85, 36 inatoa takriban 100, 53, 28: kahawia nzito, yenye joto, kivuli halali cha mtu wa rangi ya maji ya kunde. Vizuri.

Sasa mpe mhusika huyo huyo ngozi nyeusi zaidi, 60, 36, 28. Kivuli kile kile kinatoa 42, 23, 22. Angalia namba nyekundu: mwanzo ilishuka kwa 41, sasa imeshuka kwa 18 tu. Kwenye skrini ya simu juani tofauti hiyo haionekani, na uso umekuwa doa. Mvalishe kanzu nyeupe, 245, 245, 240, na kivuli kinatoa 173, 154, 188. Kanzu imekuwa zambarau waziwazi, kama imechovywa kwenye rangi. Leya moja, matokeo matatu, na mawili kati yake hayafai.

Tiba yake ni kutotegemea kivuli peke yake. Kwa nguo nyeupe, weka leya ya pili ya kivuli iliyobanwa kwenye nguo hiyo tu, yenye rangi iliyofifia zaidi, kijivu chenye samawati kidogo, na umbo la vivuli ulinakili kutoka kwenye leya ya kwanza. Ngozi nyeupe sana, ikiwemo ya mhusika mwenye ualbino, ipewe leya yake pia, yenye kivuli cha waridi au cha udongo, kwa sababu zambarau juu yake husomeka kama jeraha.

Kwa ngozi nyeusi, umbo hutokana na mng'ao zaidi kuliko kivuli. Mtazame mtu mweusi tititi aliyekaa karibu na dirisha. Uso unasomeka kwa sehemu zinazopokea mwanga: paji, mwamba wa pua, mfupa wa shavu, mdomo wa chini, mtulinga, bega. Weka leya ya mng'ao katika hali ya skrini, ambayo ni kinyume cha maltiplai kwa maana kwamba hung'arisha, na rangi yake itoke kwenye mazingira: samawati hafifu kwa mtu aliye nje chini ya anga, chungwa hafifu kwa aliye ndani chini ya balbu. Kingo za mng'ao ziwe kali mahali penye mfupa na laini mahali penye nyama. Viganja na nyayo ziwe na rangi yake yenye ung'avu zaidi, kwenye leya ya rangi bapa, si kwa kung'arisha baadaye. Weupe wa jicho usiwe mweupe kamili. Kope la juu hutupa kivuli juu yake.

Ngozi nyeusi inaleta tatizo lingine ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ngozi nyeupe hailigusi. Mstari mweusi juu ya 60, 36, 28 hauonekani. Pua, mikunjo ya macho na mstari wa mdomo hupotea, mhusika akabaki na macho na meno tu, sura ya kejeli ambayo katuni za kikoloni ziliipenda na ambayo mchoraji wa leo hana haki ya kuirudia hata kwa bahati mbaya. Juu ya leya ya mistari weka leya nyingine iliyobanwa juu yake, kisha paka mistari ya ndani ya uso kwa kahawia yenye ung'avu kuliko ngozi, au nyekundu ya udongo. Mistari ya nje ibaki nyeusi. Leya ya mistari yenyewe haijaguswa, na mhusika mwingine akija na ngozi nyingine utabadilisha leya hiyo ya juu tu.

Mahali mwanga unapotoka

Amua upande mmoja wa mwanga kwa wahusika wote wa kazi moja, uuandike. Juu kushoto ni desturi ya wengi na haina ubaya. Kumbuka wahusika hawa watawekwa pamoja kwenye ukurasa mmoja na mtu ambaye si wewe, na mmoja akiwa amepigwa mwanga kutoka kushoto na mwenzake kutoka kulia, msomaji ataona kasoro hata kama hataweza kuitaja.

Kwa tukio la nje mchana wa saa sita, mambo ni mengine. Nairobi na Dar es Salaam ziko karibu na ikweta, jua huwa karibu utosini, na vivuli huanguka chini ya paji, chini ya pua, chini ya kidevu, huku kivuli cha mwili kikijikusanya miguuni. Kivuli kirefu cha pembeni kwenye tukio la saa sita mchana ni uongo ulioazimwa kutoka nchi za kaskazini. Tukio la namna hii lipewe folda yake ya vivuli, ile ya kawaida ukiizima.

Tenganisha kivuli cha umbo na kivuli kinachoanguka. Cha kwanza ni cha kitu kujigeuza kutoka kwenye mwanga, na ukingo wake unaweza kuwa laini. Cha pili ni cha kitu kimoja kuziba mwanga wa kingine, kama ukingo wa kofia juu ya paji, na ukingo wake ni mkali. Kwa katuni ya gazeti kivuli cha ngazi moja yenye ukingo mkali kinatosha, na mara nyingi ndicho kinachopendeza. Kupulizia brashi laini kila mahali kunamfanya mhusika aonekane ametengenezwa kwa puto.

Khanga

Khanga inastahili sehemu yake, kwa kuwa ni nguo inayobadilishwa kuliko zote kwenye kazi za ukanda huu, na inakosewa kuliko zote. Ina pindo kuzunguka pande nne, mji katikati, na jina, yaani maandishi, juu ya pindo la chini. Itengeneze kwanza ikiwa imetandazwa, kwenye faili yake, jina likiwa kwenye leya ya maandishi inayoharirika. Kisha ilete kwenye faili ya mhusika, uibane juu ya leya bapa ya khanga, na uipinde kwa kifaa cha kukunja wavu ili ifuate mwili.

Hapo wengi huishia, na khanga inaonekana imebandikwa kama lebo. Kilichobaki ni mikunjo. Mahali kitambaa kinapojikunja, nakshi haiendelei. Inakatika na kuibukia upande wa pili ikiwa imesogea. Kata nakshi kwenye kila mkunjo mkubwa, uisogeze pikseli kadhaa, kisha tia kivuli cha mkunjo juu yake kwenye leya ya maltiplai. Mikunjo midogo iache, kivuli kinatosha. Kwenye fundo la kifuani au kiunoni usihangaike na nakshi. Rangi mbili tatu za pindo zilizovurugika husomeka vyema kuliko maua yaliyochorwa kwa uangalifu.

Baada ya hapo soma jina. Mkunjo ukila silabi moja neno linaweza kugeuka, na hakuna msomaji wa Kiswahili atakayeiona khanga asisome kilichoandikwa. Jina lipitishwe na mteja kwa maandishi kabla ya kazi kutoka.

Jambo la mwisho kuhusu khanga linahusu kumgeuza mhusika upande, kutoka kutazama kushoto hadi kulia. Ni amri ya sekunde moja, nayo hugeuza kila kitu: jina la khanga linasomeka kinyumenyume, beji ya muuguzi inahamia kifua kingine, na mwanga unatoka upande usio wake. Kwa sababu hiyo mchoro mama wenye maandishi uwe na leya zote za maandishi na alama nje ya folda inayogeuzwa, na uwe na leya ya pili ya kivuli iliyotayarishwa kwa upande wa kulia. Kuiandaa mapema huchukua muda mfupi kuliko kuirekebisha usiku wa kuamkia siku ya kuchapa.

Kupima kazi

Funika picha kwa leya ya kijivu katika hali ya rangi ili uione yote kwa weusi na weupe. Vipeperushi vya afya na vya shule hutolewa nakala kwa mashine ya fotokopi, na nyekundu na kijani zenye ung'avu sawa zitakuwa kijivu kimoja. Kama sketi na blauzi zimeungana, badilisha ung'avu wa moja, siyo aina ya rangi.

Ipunguze pia hadi ukubwa wa stika ya WhatsApp, pikseli 512 kwa 512, kisha uitazame kwa simu kwa umbali wa mkono. Stika isiyotembea haitakiwi kuzidi kilobaiti 100, na vivuli bapa hubana vizuri kuliko vilivyofifishwa.

Kwa kazi ya karatasi, zungumza na mchapaji kabla hujageuza rangi kwenda kwenye wino nne. Mistari nyeusi iwe ya wino mweusi peke yake. Programu ikiachiwa iamue, itaujenga weusi kwa wino zote nne, na sahani zikipishana hata kidogo kila mstari utapata kivuli cha rangi pembeni. Hapa utaishukuru leya ya mistari iliyotengwa, kwa kuwa unaweza kuitoa peke yake.

Haki na makabidhiano

Ukipaka rangi mistari ya mtu mwingine, umetengeneza kazi iliyotokana na kazi yake, na ruhusa inahitajika. Tanzania Bara hilo linasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, chini ya COSOTA. Kenya na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, chini ya KECOBO. Michoro inayotolewa huru mtandaoni chini ya Creative Commons nayo ina masharti. Alama ya NC inakataza biashara. Alama ya ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na kupaka rangi ni kubadilisha. Alama ya SA inakutaka uitoe kazi yako kwa masharti yale yale. Jina la mchora mistari litajwe hata pale mteja anaposema halina umuhimu.

Ukiwa wewe ndiye mwenye mistari, andika kwenye mkataba ni nani anaruhusiwa kuipaka, kwa matumizi gani, na kama anaruhusiwa kugusa mistari yenyewe. Bei ya picha moja iliyokamilika na bei ya mchoro mama wenye leya zake zote si bei moja, na ya pili iwe kubwa kwa mbali, kwa kuwa unauza kazi ambazo ungeitwa kuzifanya baadaye.

Unapokabidhi, toa faili lenye leya zote katika muundo wa PSD, ambao programu nyingi husoma, pamoja na PNG yenye mandhari wazi. JPEG itumike kwa kuonyesha tu, kwani haihifadhi uwazi. Ondoa leya za majaribio, acha majina yanayoeleweka, na weka namba za rangi ndani ya faili lenyewe, siyo kwenye ujumbe wa simu utakaofutika. Faili lako la asili libaki mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, likiwa na namba ya toleo katika jina lake: muuguzi_03, siyo muuguzi_mwisho_kabisa_2.